Kipa wa Ukurasa wa Tisa

Lusungu alikuwa amechora kwa miaka sita kabla mtu hajamwambia kwamba watu wake hawana mwendo. Alichora mabango ya saluni na maduka ya dawa mjini Tukuyu, akaandika majina ya makanisa juu ya milango, akachora ramani ya Afrika kwenye kuta za shule tatu. Katika kazi hizo zote hakuna mteja aliyemtaka achore mtu anayekimbia. Kwenye bango la saluni mtu hutulia, anatazama mbele, nywele zionekane.

Halafu akapata kazi ya kitabu. Wachapishaji wadogo wa jijini Mbeya walikuwa wanatoa hadithi ya msichana aitwaye Tusa, kipa wa shule ya kijijini, ambaye siku ya fainali anadaka penalti ya mwisho. Kurasa kumi na sita, zote za picha. Lusungu alijifungia wiki mbili nyumbani kwao Ikuti, akachora, akafuta, akachora tena, kisha akazituma.

Mhariri wa kitabu, mama mmoja aitwaye Winfrida, alimpigia simu baada ya siku mbili.

"Lusungu, sura umezipatia. Migomba umeipatia, hata mbuzi wako nimewapenda. Shida ni Tusa. Kila ukurasa amesimama kama anapigwa picha ya kitambulisho."

"Hata pale anapodaka?"

"Hapo ndipo pabaya zaidi. Ukurasa wa tisa. Ameinua mikono kama anayeanika nguo. Mtoto akifika pale inabidi asahau hata kupepesa macho, mwanangu. Mimi nilifika pale nikapiga miayo."

Lusungu alicheka ili asilie. Winfrida akalainisha sauti.

"Tafuta picha za watu wanaoruka kweli. Ziweke mbele yako, uzisome, uchore kutokana nazo. Wachoraji wakubwa wanafanya hivyo, wala si wizi wala si aibu. Una wiki tatu."

Siku hiyo hiyo Lusungu aliingia mtandaoni. Picha za makipa zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani: wanaume warefu wa Ulaya, wamelala hewani, vidole vya glavu vimefunguka, nyuma yao maelfu ya watu na taa. Alichagua moja akaifuata mstari kwa mstari. Alipomaliza akamvalisha yule kipa sketi ya shule na kumwekea uso wa Tusa. Akaipiga picha akaituma Mbeya.

Jibu lilikuja kwa maandishi. "Huyu ni baba mzima mwenye kichwa cha mtoto. Mabega yake yanamtosha mbeba mizigo. Na majani haya si ya Rungwe. Tafuta mtoto, Lusungu. Mtoto wa hapo hapo kwenu."

Basi akaenda shule ya msingi ya jirani. Mwalimu wa michezo aliitwa Godwin, kijana mwenyeji wa Singida ambaye tangu apangiwe kazi Rungwe alikuwa hajazoea baridi na alivaa makoti mawili. Alimsikiliza Lusungu hadi mwisho, akampeleka kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa, na ruhusa ilipopatikana akamwonyesha msichana wa darasa la sita aliyekuwa anasimama golini kwenye timu ya wasichana. Jina lake Bupe. Alikuwa mwembamba, ana mikono mirefu, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Mama yake alikubali apigwe picha kwa sharti moja: asivuliwe sweta.

Uwanja ulikuwa umeinama kidogo upande wa mashariki, kwa hiyo timu moja ilikuwa inapanda na nyingine inashuka. Magoli yalikuwa ya miti ya mikaratusi. Lusungu alipiga magoti pembeni ya goli, akaweka simu sawa, na mwalimu Godwin akaanza kurusha mipira.

Jioni hiyo alipiga picha tisini na nne. Nyingi zilikuwa ukungu mtupu: sweta ya bluu iliyoyeyuka, mkono usio na mwili. Zilizotoka vizuri zilikuwa na kasoro nyingine. Bupe akijua anapigwa picha alitabasamu, meno yote nje, huku mpira ukimpita. Akiambiwa asitabasamu alikunja uso. Na akiruka, hakuwa anaruka. Alikuwa anajiachia chini kama gunia la viazi linalotupwa kutoka kwenye gari.

Lusungu alirudi nyumbani amechoka. Kaka yake, Ackson, alikuwa barazani ameinamia redio ya jirani aliyokuwa anaitengeneza, magongo yake yameegemezwa ukutani. Lusungu alikaa karibu naye akaanza kupitisha picha kwenye simu, moja baada ya nyingine, akiguna.

Ackson alitupa jicho mara moja, akarudi kwenye redio. Halafu akatupa jicho tena.

"Huyu amechelewa," alisema.

"Nani?"

"Huyo mtoto. Mpira umeshapita, ndiyo kwanza anaanguka. Angalia miguu. Yote miwili imekufa. Kipa haruki kwa mikono, anaruka kwa mguu wa upande ule anaokwenda. Mikono inafuata tu."

Lusungu aliinua macho kwenye simu. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu amsikie kaka yake akizungumzia mpira.

Kabla ya hapo Ackson alikuwa kipa wa timu ya kata. Watu wa Ikuti walikuwa wanatoka mashambani mapema siku ya mechi ili wamwone. Kisha asubuhi moja ya mvua bodaboda aliyokuwa amepanda iliteleza kwenye kona, gari la mizigo likiwa linatoka upande wa pili, na wiki chache baadaye mguu wake wa kulia ukakatwa juu ya goti. Aliporudi nyumbani alimwomba mama yao agawe jezi zake. Mama aligawa zote. Tangu siku hiyo alikwenda kanisani na sokoni, akajifunza kutengeneza redio na simu, akawa mtu wa kuheshimika kwa kazi yake. Lakini barabara inayopita uwanjani hakuwahi kuifuata, hata kama ndiyo ya mkato.

"Kaka," Lusungu alisema taratibu, "kesho tunarudi tena pale shuleni. Ungekuja ukamwambia hayo mwenyewe..."

"Hapana."

"Nusu saa tu."

"Nimesema hapana, Lusu. Nina kazi."

Lusungu hakubishana. Kesho yake alikwenda peke yake, akapiga picha sabini nyingine, akarudi, akakaa pale pale. Safari hii Ackson mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono kuiomba simu. Alizipitisha picha polepole, akikuza kwa vidole viwili, na kadiri alivyoendelea uso ukamkunjika.

"Mmemwambia nini huyu mtoto?"

"Tumemwambia asiogope. Ajitupe."

"Ndiyo maana. Tazama kiwiko." Aligeuza simu. "Anaangukia kiwiko. Hapa tena. Na hapa tena. Mkimrusha hivi siku mbili zaidi atavunjika mkono, kwa ajili ya kitabu chako."

Mama yao alikuwa mlangoni anapembua maharage. Alisikia, akasema bila kuinua kichwa, kwa kile Kiswahili chake chenye sauti ya Kinyakyusa: "Sasa kama unajua ataumia, unakaa hapa kufanya nini?"

Ackson aliinamia redio. Lakini siku iliyofuata saa tisa alasiri alikuwa getini kwao akimsubiri Lusungu, amevaa suruali ya zamani ya mazoezi, upande wa kulia umekunjwa na kufungwa kwa pini.

Walipofika uwanjani watoto wote waliacha mpira wakatazama. Walimtazama usoni, wakatazama pini, wakatazama usoni tena. Mwalimu Godwin aliwakemea, lakini Ackson akamzuia kwa kutikisa kichwa.

"Waache watazame, mwalimu. Wakishatazama watazoea." Kisha akamgeukia Bupe. "Wewe ndiye kipa?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Nani alikufundisha kuanguka?"

"Hakuna."

"Vizuri. Hakuna cha kufuta."

Hakumrusha hata mara moja kwa nusu saa ya kwanza. Alimpigisha magoti kwenye majani, akamwambia aanguke ubavu, taratibu, kwanza paja, kisha nyonga, kisha mbavu, kisha bega, mikono imetangulia na mpira. Bupe alianguka mara ishirini. Lusungu aliona mwili wa mtoto ukilegea, woga ukimtoka kidogo kidogo. Alipiga picha hizo pia, na kwa mara ya kwanza katika siku tatu aliona kwenye kioo cha simu mtu mwenye uzito: nyonga zimeelekea huku, mabega kule, mgongo umepinda kama upinde.

Tatizo lilikuja aliposimamishwa. Akiwa amesimama Bupe alikuwa anakwenda vizuri mpaka ile hatua ya mwisho, kisha anasita. Mguu wa kushoto unakunjwa tayari, halafu unaacha.

"Sukuma!" Ackson aliita.

"Nasukuma!"

"Husukumi. Unajishusha. Ardhi yote hii uipige teke iende zake Tukuyu, wewe uende kule."

Watoto wakacheka. Bupe akajaribu, akasita. Akajaribu tena. Machozi yakaanza kumlengalenga, akayafuta kwa mkono wa sweta.

"Sioni unavyosema," alisema. "Nasikia, ila sioni."

Ackson alimtazama kwa muda. Halafu akaenda kwa magongo yake hadi katikati ya goli, akageuka kumkabili mwalimu Godwin.

"Rusha kushoto kwangu. Juu kidogo."

"Kaka Ackson..." mwalimu alianza.

"Rusha, mwalimu."

Mwalimu Godwin alirusha. Ackson akaachia magongo. Kabla hayajagusa chini, goti lake la kushoto lilikuwa limeshakunjwa, likafyatuka, na yeye akaondoka. Alikwenda mbali. Mwili wote ukawa mstari mmoja kutoka kwenye vidole vya mguu hadi vidole vya mkono, mkono wa juu ukautangulia mpira, wa chini ukaja kuufunga, na akaanguka ubavu kama alivyokuwa akimfundisha Bupe, paja, nyonga, mbavu, bega, mpira uko kifuani.

Hakuna aliyepiga makofi. Ilikuwa kama watoto hawajui kama inaruhusiwa. Ackson alibaki amelala, amekumbatia mpira, mabega yanamtikisika, na kwa muda Lusungu hakujua kama anacheka au analia. Alipomkimbilia aliona ni vyote viwili.

"Umeumia?"

"Nyonga inawaka moto." Alifuta uso. Kisha akaona simu mkononi mwa Lusungu. "Ulipiga?"

Kidole chake kilikuwa kimebaki kwenye kitufe muda wote. Zilikuwa picha kumi na nne.

"Nilipiga."

"Futa."

"Kaka..."

"Futa, Lusu. Sitaki watu wazizungushe kwenye simu zao wakisema, tazameni kiwete anadaka."

Lusungu alipiga magoti pale kwenye majani. "Sitamwonyesha mtu. Nipe siku mbili nichore, kisha nitafuta mbele yako. Uso wako hautaonekana. Itakuwa Tusa. Lakini huu mruko, kaka, nimeutafuta wiki nzima, na Bupe bado hana. Yeye anajifunza, wewe unao."

Ackson aliinuka akakaa, akaomba magongo. Alipokwisha kusimama alisema, "Siku mbili." Halafu akamgeukia Bupe, "Umeona sasa?"

"Nimeona," Bupe alijibu, akaenda kusimama golini bila kuambiwa.

Nyumbani Lusungu aliweka simu mbele yake mezani, akachagua picha ya nane kati ya zile kumi na nne. Hakufuata mistari safari hii. Kwanza alichora mstari mmoja tu uliopinda, kutoka kisigino hadi kwenye mpira, akautazama mpaka akauamini. Kisha akaweka nyonga, mabega, kichwa. Alichukua urefu wa mikono kutoka kwenye picha za Bupe, na shingo nyembamba, na sweta iliyopanda mgongoni. Nguvu aliichukua kwa kaka yake. Kazi ilikwenda vizuri mpaka alipofika mguu wa kulia.

Kwenye picha mguu wa kulia haukuwapo. Suruali iliyokunjwa ilikuwa imepeperuka kidogo, basi. Tusa alikuwa na miguu miwili. Lusungu alijaribu kuunyoosha. Tusa akawa kama ubao. Akaukunja nyuma, akawa kama anayepanda baiskeli. Alirudi kwenye picha za Bupe, lakini katika zote mguu huo ulikuwa bado unaburuzika chini. Akafuta mara nne, karatasi ikaanza kuchanika.

Alikaa muda mrefu akiogopa kuuliza. Mwisho alichukua karatasi akaenda barazani.

"Kaka, naomba unisaidie kitu. Ukiona hutaki, niambie tu." Aliiweka karatasi mapajani mwake. "Sijui mguu wa kulia unakwenda wapi."

Ackson aliutazama mchoro. Alimtazama Tusa, huyu mtoto wa shule anayeruka kwa mwili wake yeye, na pale penye nafasi iliyofutwafutwa chini ya sketi. Hakuiachia karatasi Lusungu alipotaka kuichukua aondoke.

"Bado nausikia, unajua," alisema. "Watu hawaamini. Asubuhi vidole vinawasha, nainama kujikuna, hakuna kitu."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ungefanya nini?" Alifumba macho. Mabega yake yakasogea kidogo, nyonga ikainuka kwenye kiti, na Lusungu akaelewa kwamba yuko hewani. "Goti limepanda. Si sana, usawa wa tumbo. Limeelekea kule mpira uliko. Hilo ndilo linakubeba, ukiliacha chini unaanguka mapema. Kuanzia gotini unakunjika kurudi nyuma, umelegea. Unyayo unaangalia nyuma yako. Vidole vinaelekea chini." Alinyanyua kidevu kidogo. "Hapo. Uko hapo."

Alinyoosha mkono, macho bado yamefumbwa, akaushika ule mguu hewani, mahali pasipokuwa na kitu, kiganja kimezunguka goti. Lusungu alichora haraka, akifuata kiganja kile.

Alipomaliza alimwonyesha. Ackson alifumbua macho, akautazama ukurasa kwa muda mrefu.

"Ndiyo," alisema. "Ndivyo ulivyokuwa unakwenda."

Siku ya pili Lusungu alileta simu afute picha kama alivyoahidi. Ackson aliichukua akazipitisha zote kumi na nne, za mwanzo hadi za mwisho, kisha akarudi mwanzo.

"Zitume kwangu kwanza," alisema. "Halafu zifute kwako."

Lusungu akafanya hivyo, wakiwa wamekaa bega kwa bega, na hakumuuliza kaka yake atazifanyia nini.

Winfrida alipopokea ukurasa mpya wa tisa hakupiga simu mara moja. Alipiga jioni. Alisema ameubandika ukutani ofisini, na dereva wao, ambaye hasomi vitabu vya watoto, amesimama mbele yake akauliza mpira uliingia au haukuingia. Kisha akarudi kuwa mhariri: kwenye ukurasa wa kumi na mbili shabiki mmoja ana vidole sita, na kurasa nyingine saba zilihitaji kurudiwa kwa namna ile ile. Lusungu alizirudia. Kila mchana baada ya vipindi alikuwa uwanjani, akipiga picha za watoto wakikimbilia mpira, wakigongana, wakiteleza kwenye tope, akijifunza kutazama kwanza uzito wa mtu uko wapi, uso baadaye. Ackson alikuwa anakuja naye. Mwanzoni alisema ni kwa ajili ya kiwiko cha mtoto wa watu. Baada ya kitabu kumalizika aliendelea kwenda, Jumanne na Alhamisi, na sababu hakuitaja tena.

Kitabu kilitoka miezi minne baadaye. Bupe alipewa nakala mbili, moja akampa mama yake, ambaye aliikagua yote na kusema sweta imechorwa vizuri.

Wiki hiyo hiyo timu ya wasichana ilicheza na shule ya Nkunga, na watoto wa Nkunga walikuwa wakubwa na wepesi. Bupe alifungwa mabao manne. Alidaka mipira miwili iliyowafanya watu wasimame, lakini manne ni manne, na filimbi ilipolia alikwenda nyuma ya goli akakaa kwenye majani, uso kwenye magoti.

Lusungu alitaka kumfuata. Ackson akamtangulia. Alikwenda kwa magongo yake akashuka taratibu akakaa karibu na mtoto, bila kumgusa. Walikaa hivyo muda mrefu, wakitazama timu nyingine ikiimba.

"La pili lilikuwa lako," alimwambia baadaye. "Ulisimama mbali na mlingoti. La kwanza, la tatu na la nne si yako. Beki wako alikuwa anachuma maua."

Bupe aliinua kichwa. "Kweli?"

"Mimi nasema uongo kuhusu mpira?"

Mtoto alifuta kamasi kwa mkono, akafikiri. "La pili, nilitakiwa nisimame wapi?"

Ackson akavuta gongo moja, akaanza kumchorea goli kwenye udongo.